Zile sauti za DJ kwenye albamu ya kwanza ya Rage Against the Machine ni gitaa tupu, na hivi ndivyo zinavyopigwa

Swali limetoka kwa msomaji wa Nakuru. Anasema anapiga gitaa, zaidi rumba na nyimbo za kanisani, na juzi rafiki yake kampa albamu ya kwanza ya Rage Against the Machine, ile ya 1992. Kwenye karatasi ya ndani wameandika kwamba hawakutumia sampo (vipande vya rekodi nyingine), kinanda wala sinthesaiza. Sasa anauliza: mbona nasikia DJ anaskrachi, nasikia ving'ora, nasikia vitu kama mashine ya kiwandani, hawa watu wanatudanganya? Na kama ni kweli, ninunue nini ili niipate ile saundi, kuna mashine moja ya efekti nimeiona dukani ina milio 200 ndani. Halafu, watu wananiambia mpiga gitaa wao ni Mkenya, kuna ukweli hapo?

Mdogo wangu, hawakudanganyi. Ni gitaa, besi, dramu na mtu mwenye maiki, basi. Na waliandika yale maneno makusudi kwa sababu walijua watu watauliza hilohilo unaloniuliza wewe. Ila kabla hujaenda dukani kutoa hela naomba unisome mpaka mwisho, kwa sababu kitu kinachoifanya ile albamu ikushike shingo siyo zile sauti za ajabu, zile ni chumvi tu, na ukinunua ile mashine ya milio 200 nakuhakikishia utazidi kuwa mbali.

Nianze na hao watu wenyewe. Bendi ilianza Los Angeles mwaka 1991. Zack de la Rocha ndiye mwimbaji, alikuwa anatoka kwenye bendi za hardcore punk (rock ya kasi na hasira), ila kichwani mwake ni mtu wa hip hop kabisa. Tim Commerford kwenye besi, huyu na Zack wanajuana toka watoto. Brad Wilk kwenye dramu. Na Tom Morello kwenye gitaa. Walirekodi kaseti yao wenyewe ya nyimbo 12, wakawa wanaiuza kwenye shoo zao, na kabla mwaka haujapita vizuri kampuni ya Epic ikawachukua, albamu ikatoka Novemba 1992, nyimbo 10, dakika 52 hivi. Kuna wimbo mmoja mle, Bullet in the Head, ambao ni ileile rekodi ya kaseti, walipofika studio kubwa wakaona ya mwanzo ina kitu ambacho hawawezi kukipata tena, wakaiacha kama ilivyo. Likumbuke hilo nitalirudia.

Sasa Tom. Huyu alianza gitaa akiwa na miaka 17, ambayo kwa wapiga gitaa ni kuchelewa, afu akajifungia kufanya mazoezi mpaka masaa 8 kwa siku, hata alipokuwa anasoma Harvard. Akawa na spidi, anajua skeli zote, anapiga kama wale wapiga solo wa miaka ya 80 waliokuwa wanashindana nani ana vidole vyepesi. Lakini alipoingia kwenye bendi yenye rapa mbele akajiuliza swali la maana: kwenye kundi la hip hop anayepiga vyombo ni nani? Ni DJ. Basi na mimi ndiye DJ wa hii bendi. Alikuwa anawasikiliza watu kama Terminator X wa Public Enemy na Jam Master Jay wa Run-DMC kama wengine wanavyomsikiliza Jimi Hendrix, akawa anatafuta ule mlio kwenye gitaa lake, kwa vitu ambavyo gitaa lake tayari linavyo. Hapo ndipo pa kuangalia, kwa sababu utaona karibu kila kitu anachokifanya ni kutumia kifaa cha kawaida kwa namna ambayo aliyekitengeneza hakuifikiria.

Chukua mwanzo wa Know Your Enemy, kile kigugumizi, sauti inakatika na kurudi haraka kama mtu anachezea feda ya mikisa (kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti). Ile ni swichi ya gitaa tu. Gitaa la umeme likiwa na pikapu mbili (vile visumaku chini ya nyuzi), kuna swichi ya kuchagua ipi isikike. Sasa kama kila pikapu ina nobu yake ya sauti, moja unaishusha mpaka sifuri, nyingine unaiacha juu kabisa. Ukipeleka swichi huku ni kimya, ukirudisha kule ni mlio. Mkono wa kushoto unaminya au unagonga noti kwenye shingo, mkono wa kulia unaachana na nyuzi kabisa unachezesha swichi kwa kufuata biti. Ni hivyo. Ugumu uko kwenye taimingi, kwa sababu ile swichi sasa imekuwa chombo cha mdundo, ukichelewa nukta moja inasikika kama waya mbovu.

Angalizo hapa, maana wengi wanakwama: kama gitaa lako ni la mtindo wa Stratocaster au Telecaster, ujanja huu haufanyi kazi kwa sababu hayo yana nobu moja ya sauti kwa pikapu zote, ukiishusha umezima kila kitu. Usilitupe gitaa. Mpelekee fundi yeyote anayeshika solda vizuri, mwambie akuwekee kitufe cha kubonyeza ambacho ukikibonyeza kinaipeleka sauti ardhini, yaani inakatika, ukiachia inarudi. Kazi ndogo hiyo, waya mbili.

King'ora kwenye solo ya Killing in the Name ni pedali, inaitwa Whammy, ya DigiTech, wakati ule ndiyo kwanza ilikuwa imeingia sokoni na wengi walikuwa hawajajua waifanyie nini. Unapiga noti, ukikanyaga pedali inaipandisha noti hiyo mpaka oktava nzima au hata mbili, ukiachia inashuka. Wengine waliitumia taratibu kupinda noti. Yeye anaikanyaga kwa mdundo, mguu unapiga kama mguu wa mpiga dramu kwenye kiki, kwa hiyo noti chache tu zinaruka juu na chini na wewe unasikia kitu ambacho hakina jina. Isikilize tena solo hiyo halafu jaribu kuiimba kwa mdomo, utaona noti zenyewe ni chache mno, mtoto anaweza kuzikariri. Kazi yote iko mguuni.

Ile ya kuskrachi kama sahani ya santuri, anasugua nyuzi kwa kiganja juu ya pikapu bila kupiga noti yoyote, mkono wa pili uko kwenye swichi, na pedali ya wah iko chini inapewa nafasi ya katikati ili mlio uwe mwembamba wa puani. Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwenye albamu ya pili, Evil Empire ya 1996, wimbo Bulls on Parade, pale hata asiyejua gitaa anasikia DJ. Na stejini anafika hatua ya kuchomoa waya kwenye gitaa na kuigongagonga ile jeki kiganjani, ule mlio wa "bzz bzz" ambao sisi wote tunaukimbia tukisahau kuzima amplifaya yeye anaupiga kama noti.

Unaona vifaa vyenyewe? Amplifaya moja ya Marshall ya wati 50 na boksi la spika la Peavey. Pedali ya wah, Whammy, ya mwangwi na ya EQ (ya kupunguza au kuongeza besi na sauti kali). Nne hivi. Gitaa lake maarufu lenye maandishi "Arm the Homeless" alilichonga kwa kubadilishabadilisha vipande mpaka akachoka, na lile la Killing in the Name ni Telecaster ya kawaida ambayo uzi mnene umeshushwa kutoka E hadi D. Na kuna jambo amelisimulia mwenyewe mara nyingi, kwamba alihangaika muda mrefu kutafuta ile saundi ya kichwani mwake, anageuza nobu huku na huku, mpaka siku moja akaamua inatosha, akaweka alama pale nobu zilipo na tokea hapo akaacha kutafuta saundi akaanza kutafuta mawazo ya kupiga. Ningekuwa na uwezo ningelibandika hilo kwenye mlango wa kila duka la vifaa vya muziki mjini. Wewe una mashine ya milio 200 utamaliza mwaka unaijaribu milio na hujaujua hata mmoja. Ndiyo maana nakwambia usiinunue.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe, na hapa naomba usikilize zaidi kuliko hizo habari za swichi.

Weka Bullet in the Head. Mwanzo pale gitaa liko wapi? Halipo kwa maana ya kupiga rifu (kile kipande kifupi kinachojirudia). Kuna besi inazunguka, dramu, Zack anarap, gitaa linatoa milio ya pembeni huku nyuma, na inaenda hivyo dakika kadhaa kabla gitaa halijaingia na rifu zito na wimbo wote ukabadilika. Weka Killing in the Name, kodi (noti kadhaa kwa pamoja) mbili tatu za ufunguzi, halafu inabaki besi na kengele ya Brad, ngongo ngongo, nafasi tupu, ndipo rifu linaingia. Take the Power Back inafunguliwa na besi ya kuchapa kwa kidole gumba. Bombtrack gitaa na besi vinapiga mstari uleule pamoja, kwa sauti ya chini, kama watu wanaonong'ona, halafu vyote vinalipuka kwa mstari huohuo. Kila wimbo mle umejengwa kwa kuondoa vitu. Wanajua kunyamaza, na kwa kuwa wananyamaza, wakipiga unashtuka.

Ndiyo maana wewe wa rumba utaielewa albamu hii haraka kuliko mtu wa muziki wa metali. Wewe unajua kungoja sebene. Unajua gitaa la ridhim lina kazi yake na solo ina kazi yake, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Hawa wako watatu tu wenye vyombo na wanaheshimiana vilevile, Tim na Brad wanaweza kukaa kwenye mzunguko mmoja dakika tano bila kuonyesha ufundi wowote, na ule ndio ufundi wenyewe.

Halafu jinsi ilivyorekodiwa. Studio ilikuwa Sound City, Van Nuys, kaskazini ya Los Angeles, palepale Nirvana waliporekodi Nevermind mwaka mmoja nyuma yake, na ile mikisa kubwa ya Neve ambayo Dave Grohl alikuja kuinunua miaka mingi baadaye studio ilipofungwa kwa biashara. Prodyuza Mkanada, Garth Richardson, aliona hii bendi ukiitenganisha kila mtu kwenye kibanda chake na hedifoni itakufa, akaleta spika kubwa za shoo akazifunga ndani ya studio, bendi ikapiga pamoja kama ipo stejini, hata marafiki wakaitwa waje wakae mbele yao. Yaani ile hasira unayoisikia ilikuwa na watu wa kuipokea. Na sasa unaelewa kwa nini ile rekodi ya kaseti ya Bullet in the Head haikubadilishwa, walikuwa wanatafuta joto la kupiga, usafi ulikuwa wa pili. Kumiksi akafanya Andy Wallace, huyohuyo aliyemiksi Nevermind, na masta, yaani kuisawazisha sauti ya nakala ya mwisho, akafanya Bob Ludwig. Walivyoiacha ndivyo watu wa spika wanavyoipenda mpaka leo: haikubanwa ikawa na sauti moja ya juu mwanzo mwisho kama albamu nyingi za rock za miaka ya 2000, mahali pa kimya pamebaki kimya na mahali pa kishindo pana kishindo. Ukitaka kujua kama spika zako zina besi ya kweli au zinavuma tu weka hii albamu, hata mafundi wa kupanga spika za harusini wangefaidika nayo.

Kuhusu Kenya, ndiyo kuna ukweli, ila tuuweke sawasawa. Tom Morello kazaliwa Harlem, New York, 1964. Mama yake, Mary Morello, ni Mmarekani mwalimu aliyewahi kufundisha Kenya. Baba yake ni Ngethe Njoroge, mwanadiplomasia wa Kenya aliyekuwa kwenye ujumbe wa nchi Umoja wa Mataifa baada ya uhuru na baadaye akawa balozi London, na kwa upande huo wa baba Tom ana undugu na Mzee Jomo Kenyatta. Lakini baba alirudi Kenya Tom akiwa bado mdogo sana, na kijana akalelewa na mama peke yake Libertyville, kamji ka watu weupe jimbo la Illinois, ambako yeye ndiye alikuwa mtoto mweusi na kila siku alikumbushwa hivyo. Kwa hiyo ukitafuta benga kwenye vidole vyake hutaipata, muziki aliolelewa nao ni Kiss, Black Sabbath, Led Zeppelin, halafu Sex Pistols ndio waliompa moyo wa kuanzisha bendi hata kabla hajajua kupiga. Kilichotoka Kenya kwake ni siasa, ile kujua toka utotoni kwamba kwenye ukoo wake kuna watu waliopigana na mkoloni, na mama naye alikuwa mwanaharakati wa kweli. Hilo naliona ni kubwa kuliko mtindo wowote wa gitaa na sioni sababu ya Wakenya kutomdai kama mtu wao.

Na siasa kwenye albamu hii hazikubandikwa kwa juu. Ile picha ya jalada, mtawa anayeungua moto huku amekaa wima, ni Thích Quảng Đức, alijichoma Saigon tarehe 11 Juni 1963 kupinga serikali ya Ngo Dinh Diem iliyokuwa inawaonea Wabudha, na aliyeipiga picha ni Malcolm Browne. Killing in the Name inazungumzia polisi, kwamba baadhi yao ni walewale wanaochoma misalaba usiku, yaani watu wa Ku Klux Klan. Kumbuka mwaka: Rodney King alipigwa na polisi wa Los Angeles Machi 1991 mbele ya kamera ya video, Aprili 1992 askari wale wakaachiwa na mahakama, mji ukawaka moto na watu zaidi ya 50 wakafa. Hii bendi ilikuwa inaishi humo humo. Wake Up inataja jinsi FBI, chini ya mkuu wake wa wakati ule J. Edgar Hoover, ilivyowawinda viongozi weusi. Township Rebellion kichwa chake tu kinakupeleka Afrika Kusini ya makaburu, ambayo wakati ule uchaguzi wa watu wote ulikuwa bado miaka miwili. Freedom ni ya Leonard Peltier, mwanaharakati wa Wahindi Wekundu aliyefungwa toka miaka ya 70 na ambaye ametolewa gerezani kwenda kifungo cha nyumbani mwaka 2025, fikiria, wimbo umengoja zaidi ya miaka 30.

Ushawishi wake umeusikia hata kama hujui. Kuchanganya rap na rock hawakuanza wao, Run-DMC na Aerosmith walishafanya 1986, Public Enemy na Anthrax 1991, Faith No More nao walikuwepo, ila kabla ya hawa ilikuwa kama ugeni, watu wa huku wamewatembelea watu wa kule. Rage walikuwa kitu kimoja toka mwanzo. Bendi nyingi za mwisho wa miaka ya 90 zilichukua ule uzito na zile kelele, zikaacha ule utulivu wa Tim na Brad na zikaacha kabisa maneno, na matokeo yake mengi hayasikiliziki leo, nasema kwa masikitiko kwa sababu vipaji vilikuwepo. Halafu Uingereza mwaka 2009 wananchi wa kawaida walifanya kampeni mtandaoni ya kununua Killing in the Name ili mshindi wa X Factor (shindano la uimbaji la TV) asikae namba moja Krismasi kama kawaida, na wakashinda, nakala zaidi ya laki 5 kwa wiki moja, wimbo wa miaka 17 ambao redio haiwezi kuupiga wote kwa sababu ya matusi ya mwishoni. Bendi ikaenda London mwaka uliofuata ikawapigia shoo ya bure.

Sasa wewe ufanye nini. Usinunue kitu chochote kwa sasa. Weka amplifaya yako kwenye distosheni moja, ya wastani, usiijaze mpaka juu maana ukijaza zile nafasi za kimya zinajaa mvumo, weka alama ya kalamu kwenye nobu na usiziguse mwezi mzima. Mtafute mpiga besi na mpiga dramu wa hapo kanisani, nyie watatu mpige rifu la Bombtrack mara nyingi mpaka mkiacha mnaacha kwa pamoja, kuacha ndiko kugumu kuliko kuanza. Wakija vizuri nendeni Killing in the Name, shusha uzi mnene uwe D, kodi zake nyingi utazishika kwa kidole kimoja, ila ile sehemu ya kengele isikimbie, mwambie wa dramu ahesabu kichwani. Solo ya pale iimbe kwanza, halafu ipige bila pedali kwa kuruka oktava na kidole, pedali itakuja ukipata hela na ya mtumba inatosha. Know Your Enemy iache mpaka fundi amekuwekea kitufe, na akikuwekea mwambie akiweke karibu na pale kidole chako kidogo kinapofika ukiwa umeshika piki, sio kule chini kwenye nobu.